Utegemezi wa dawa za wasiwasi: si uteja, wala si jambo la kukatisha ghafla

Ukisema hapa Zanzibar kwamba fulani "hawezi kuacha dawa", msikilizaji anafikiri unga. Neno arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, nalo tumelizoea kwa vijana wa heroini. Sasa mchukue mama mtu mzima aliyeandikiwa diazepamu, dawa ya wasiwasi, baada ya kufiwa, akaitumia miezi minane bila kuzidisha hata kidonge. Siku chache baada ya dawa kumwishia, mikono inatetema, usingizi hauji, jasho linamtoka. Hamwambii mtu, kwa sababu anachojiuliza kimya kimya ni kama naye amekuwa teja.

Hajawa teja. Mwili wake umekuwa tegemezi, na hayo ni mambo mawili mbali mbali.

Utegemezi ni hali ya mwili. Mwili umeizoea dawa hadi umejipanga upya kwa hisabu kwamba dawa ipo kila siku, na ikikosekana ghafla unalalamika. Uraibu ni hali ya tabia: mtu anaitamani dawa kwa raha yake, anaongeza dozi mwenyewe, anazunguka maduka matatu kuitafuta, anaendelea ingawa inamharibia kazi na nyumba. Mtu anaweza kuwa na utegemezi bila chembe ya uraibu. Anameza vile vile ilivyoandikwa kwenye kibahasha, 1x2, na bado mwili umenasa. Lipo na neno la tatu, usugu: dozi ile ile haifanyi tena kazi ya mwanzo. Kwa usingizi usugu huja mapema, mara nyingi ndani ya wiki chache.

Dawa zinazozungumzwa hapa ni za ukoo wa benzodiazepini. Mkemia Leo Sternbach wa kampuni ya Roche ndiye aliyezigundua. Ya kwanza iliingia sokoni 1960, na diazepamu, ambayo wengi bado huiita Valium, ikafuata 1963. Wenzake ni lorazepamu, klonazepamu na alprazolamu. Ukitaka kujua kama kidonge chako ni cha ukoo huu, tazama mwisho wa jina kwenye pakiti: mengi huishia na -pam au -lam. Amitriptilini na fluoksetini, dawa za sonona, si za ukoo huu. Hizo nazo hupunguzwa polepole, lakini kanuni zake ni nyengine, kwa hivyo usichukue ratiba ya hapa ukaitumia huko.

Kwa nini mwili unase? Ubongo una kemikali yake ya kutuliza, iitwayo gaba. Benzodiazepini haileti gaba mpya. Inaifanya iliyopo ifanye kazi kwa nguvu zaidi. Ubongo ukiona utulivu umezidi, unapunguza usikivu wake kwa gaba na upande wa kuchangamsha unajiongezea nguvu. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni, mmoja nje na mwengine ndani. Muda wote wanaposukumana, mlango umetulia na hakuna anayejua nguvu zinazotumika. Wa nje akiondoka ghafla, wa ndani anatoka na mlango. Huko kutoka na mlango ndiko kuacha dawa kwa siku moja.

Kwa sababu hiyo muda wa matumizi una uzito kuliko watu wanavyodhani. Tangu 1988 wataalamu wa usalama wa dawa Uingereza wamesema dawa hizi, kwa wasiwasi mkali, ni za wiki 2 hadi 4 tu. Mwaka 2020 Marekani iliamuru karatasi za maelezo za dawa zote za ukoo huu ziwe na onyo kali kuhusu utegemezi na dalili za kuacha. Si kila atumiaye muda mrefu hunasa, lakini baada ya wiki kadhaa za kila siku lazima uhisabu kwamba huenda umenasa.

Halafu kuna dawa fupi, zinazotoka mwilini mapema, na dawa ndefu, zinazokaa. Nusu ya alprazolamu hutoka mwilini kwa saa kama 11. Kwa diazepamu ni saa 20 hadi 50, na mwili unapoivunja inazaa dawa nyengine inayokaa zaidi ya hapo. Kwa hivyo anayeacha alprazolamu huumwa ndani ya siku moja au mbili. Wa diazepamu anaweza kukaa wiki nzima akijisifu kwamba ameacha bila tabu, kisha mambo yakaanza.

Tofauti hii huonekana wazi mwezi wa Ramadhani. Mtu wa alprazolamu mara tatu kwa siku anameza daku, kisha hapati tena hadi futari, saa kama 14. Inapofika alasiri moyo unamdunda, ana hasira, kichwa kinamgonga. Nyumbani wanasema ni saumu. Mara nyingi ni dawa imepungua damuni. Dawa ya hilo si kumeza vidonge vitatu kwa mpigo baada ya tarawehe. Ni kumwona daktari mwezi wa Shaabani, apange upya saa za kumeza au ahamishe kwenye dawa ndefu.

Dalili zenyewe za kuacha: wasiwasi kuliko ule wa mwanzo, kukosa usingizi, kutetema, jasho, kichefuchefu, misuli kukaza. Zipo na za ajabu zaidi: masikio kulia, mwanga kuumiza macho, sauti ya mlango kuwa kama bomu, ngozi kutambaliwa na sisimizi wasiokuwepo. Hizi ndizo huwapeleka watu kwenye maneno ya shetani. Kunywa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya Qurani, hakumdhuru mtu, na akisomewa akatulia ni kheri. Lakini akianguka kifafa, akichanganyikiwa asijue yuko wapi, au akaona watu ambao hawapo, huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo. Kifafa cha kuacha dawa hizi kinaua.

Swali gumu ni hili: haya ninayoyahisi ni dawa kutoka, au ni ugonjwa wangu umerudi? Tazama kalenda. Dalili za kuacha huanza siku chache baada ya kupunguza, huja kama mawimbi, leo vibaya kesho nafuu, kisha hufifia. Na huleta vitu ambavyo hukuwa navyo kabla ya dawa, kama hiyo milio ya masikio. Ugonjwa ukirudi hurudi na sura yake ya zamani, unapanda taratibu, na haupungui kwa wiki kupita. Daftari la skuli lenye tarehe, dozi na mstari mmoja wa hali ya siku humsaidia daktari kuliko maelezo ya kichwani.

Kupunguza sasa. Kipimo kinachotumika sana ni kushusha asilimia 5 hadi 10 ya dozi ya sasa kila wiki 2 hadi 4, wala si zaidi ya robo ya dozi hiyo ndani ya wiki 2. Chukua aliye kwenye diazepamu miligramu 10 kwa siku, vidonge viwili vya 5. Kidonge cha 5 ukikigawa nne, kila robo ni miligramu 1.25. Akipunguza robo moja kila hatua: 8.75, kisha 7.5, 6.25, 5, 3.75, 2.5, 1.25, basi. Hatua nane, kwa wiki mbili mbili ni miezi kama minne.

Inapendeza kwenye karatasi, ila itazame vizuri. Robo ya kwanza ilikuwa asilimia 12.5 ya dozi, tayari juu kidogo ya kipimo. Kutoka 2.5 kwenda 1.25 ni asilimia 50. Kipande ni kile kile, mshtuko ni mara nne. Hapa ndipo wengi huvunjika, wakasema "nilikaribia kumaliza nikashindwa", kumbe ni hisabu tu. Kuanzia 5 kushuka, uliza vidonge vya miligramu 2. Robo yake ni 0.5, na hatua ziwe ndefu zaidi. Usijaribu kukiyeyusha kidonge kwenye kikombe cha maji ili unywe nusu: diazepamu haiyeyuki kwenye maji, unga unakaa chini, na nusu ya juu huenda haina kitu.

Ukiumwa katikati ya safari, simama hapo ulipo hadi utulie. Kurudi juu kabisa si lazima. Mwenye dawa fupi, daktari anaweza kumhamishia kwenye diazepamu kwanza, njia iliyojulikana sana kutokana na kliniki ya Profesa Heather Ashton huko Newcastle, Uingereza. Lakini hapo miligramu hazilingani: alprazolamu miligramu 0.5 inakaribia diazepamu 10, na lorazepamu 1 hivyo hivyo. Muuzaji akikwambia "hii haipo, chukua hii, zote ni moja", usikubali. Alprazolamu 5 badala ya diazepamu 5 ni dozi ya kumpoteza mtu.

Mambo mengine huharibu safari bila kelele. Kwenda Pemba kwa siku mbili na vidonge viwili, boti ikaahirishwa kwa upepo. Kahawa ya barazani vikombe vitano baada ya magharibi, kisha kulalamikia usingizi. Pombe au tramadoli, dawa kali ya maumivu, ya kuziba pengo ni mbaya kuliko zote, kwani ikikutana na benzodiazepini pumzi hushuka hadi kusimama. Aliye kwenye methadoni, tiba ya waraibu wa heroini, au anayetumia unga lazima amwambie daktari pia, aibu iwekwe kando.

Wapo wasiopaswa kujaribu nyumbani hata kwa ratiba nzuri: aliyewahi kuanguka kifafa, mnywaji wa kila siku, mjamzito, mzee anayeishi peke yake, na anayemeza dozi kubwa. Mjamzito asikatishe kwa hofu ya mtoto. Amwambie mkunga mapema, maana mtoto wa mama anayetumia huweza kuzaliwa mlegevu au kuumwa naye kwa kukosa dawa, na wanaompokea wanahitaji kujua.

Unguja kuna Hospitali ya Kidongo Chekundu, ya magonjwa ya akili, na kwenda pale si kuandikwa wazimu. Pemba anza na hospitali ya Chake Chake, Wete au Mkoani. Nenda na pakiti yenyewe, si rangi ya kidonge tu, na uwe na majibu ya mambo manne: jina, miligramu, mara ngapi kwa siku, na tangu lini. Hilo la mwisho lisipunguzwe kwa haya. Ratiba ya aliyetumia wiki tano si ya aliyetumia miaka mitano.