Picha Haioni Kitu, Ugonjwa Upo

Wagonjwa wengi wa tezi za parathairoidi, vitezi vya shingoni vinavyosimamia kalsiamu ya damu, hunijia na bahasha ya picha mkononi wakiwa wamekata tamaa: "Daktari, wameniambia hakionekani kitu." Mimi nauliza kwanza majibu ya damu. Kalsiamu iko juu, na homoni ya parathairoidi, inayoipandisha kalsiamu, nayo iko juu ilhali ingepaswa kushuka? Basi ugonjwa upo: kuna tezi inayotoa homoni kupita kiasi. Damu ndiyo inayosema. Picha kazi yake ni kumwonyesha mpasuaji anayekuja kuitoa tezi hiyo pa kuanzia.

Tezi hizi kwa kawaida ni 4, kila moja kama punje ya mchele, zimejibanza nyuma ya thairoidi, tezi kubwa ya mbele ya shingo. Mara nyingi mbovu huwa moja tu.

Naanza na altrasaundi, maana haina mionzi na hailazimu sindano. Tezi iliyovimba hutokea kama doa jeusi lenye kamshipa kake ka damu. Ila mawimbi ya sauti hayapenyi hewa wala mfupa, kwa hiyo tezi iliyo nyuma ya bomba la hewa au ya kidari hayaioni.

Ndipo inakuja sestamibi, dawa yenye teknetiamu inayotoa mionzi, tunayoichoma mshipani. Picha ya kwanza hupigwa baada ya dakika 15 hivi, ya pili baada ya saa 2. Dawa hii huvutwa na mitokondria, vijiwanda vya nishati ndani ya seli, na tezi mbovu imejaa mitokondria: thairoidi ikishaiachia dawa, tezi mbovu bado imeing'ang'ania. Uzuri wake, tunatazama mpaka kifuani. Lakini rovu lenye vinundu, yaani thairoidi iliyovimba, hudanganya, hata sisi wazoefu. Ndiyo maana sipendi mpasuaji achane upande mmoja tu wa shingo kabla njia mbili hazijaafikiana.

Zikipingana, naomba sitiskani ya awamu, picha za eksirei za CT zinazopigwa kwa vipindi: kabla ya dawa ya kung'arisha picha, dawa ikijaa mishipani, kisha ikipungua. Tezi mbovu hunywa upesi na kutema upesi. Mionzi yake si haba, kwa hiyo kijana simpeleki ovyo. Penye mashine ya PET, inayofuata dawa yenye mionzi mwilini, dawa ya kolini hunasa hata vijitezi vidogo.

Na kwa nini tusumbuke na kifua? Mtoto akiwa tumboni, tezi za chini hushuka pamoja na thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani, na nyingine hupitiliza. Nahodha wa meli wa Marekani, Charles Martell, alipasuliwa mara 6 bila tezi yake kupatikana. Mara ya 7, mwaka 1932 huko Boston, ikakutwa kifuani.