Lile "handaki la siri" la Paisley ni mtaro tu
Kila mji wenye monasteri ya zamani hukosi kuambiwa kuna handaki la siri, eti watawa walipita humo usiku kwenda kwa masista. Mara nyingi ni mtaro tu jamani. Angalia Paisley kule Uskoti, monasteri ya karne ya 12, chini yake kuna mtaro wa mawe wa kama mita 90, na kuna sehemu unafika karibu mita 2 kwenda juu, mtu anasimama wima kabisa, sasa ukiingia humo na tochi si lazima uwaze mambo. Kumbe ulikuwa unapeleka uchafu wa jikoni na vyooni mtoni Cart. Kwenye tope lake wanaakiolojia walitoa hadi vipande vya sleti (mawe bapa) vyenye nota za muziki.