VVU havili CD4: tofauti ya seli kupungua na seli kudhoofika

"Virusi vinakula CD4." Usemi huu umezoeleka, na anayeusikia anabaki akidhani tatizo lote ni hesabu ya seli za kinga ziitwazo seli za CD4: zilikuwa 800, sasa ni 300. Hesabu ni nusu tu ya habari.

Kwa kifupi, protini za VVU hudhoofisha kinga kwa kuinyang'anya seli zana zake za kazi ingali hai. VVU vina jeni 9 tu, na protini zake kadhaa hazijengi kirusi chochote. Nef na Vpu ni miongoni mwa hizo.

CD4 yenyewe ni protini iliyo juu ya utando wa seli T saidizi, na ndiyo mlango wa kirusi. Kikishaingia, mlango huo unageuka kero, kwa kuwa virusi vipya vinavyotoka vingenaswa palepale. Basi Nef, iliyojishikiza upande wa ndani wa utando kwa mkia wa mafuta, huishika CD4 na kuivuta ndani ikasagwe kwenye lisosomu, kifuko cha kusagia taka za seli. Vpu nayo huziwahi CD4 mpya kabla hazijafika juu. Seli ipo, inapumua, ila CD4 haina. Tena Nef huvuruga ishara za ndani zinazoiambia seli T kwamba imekutana na adui.

Hila inayonishangaza zaidi ni ya HLA, molekuli zilizo juu ya seli. Seli iliyoambukizwa huonyesha vipande vya kirusi juu ya molekuli hizi ili seli T za CD8 zije kuiua. Nef huondoa HLA-A na HLA-B, ushahidi ukapotea. Lakini ikiziondoa zote, seli za NK, ambazo huua seli isiyo na HLA, zingeivamia. Kwa hiyo Nef huiacha HLA-C mahali pake. Huko si kula, ni kuchagua.

Uzito wa Nef ulionekana Sydney. Watu kadhaa walipata VVU kutoka kwa mchangia damu mmoja, wakakaa miaka mingi bila kuugua. Taarifa ya mwaka 1995 ilionyesha kirusi chao kilikosa sehemu ya jeni ya Nef. Baadaye baadhi yao walianza kupoteza seli za CD4, hivyo Nef si mkosaji pekee.

Hata upungufu wenyewe hauelezwi na neno "kula". Ndani ya tezi za limfu, seli nyingi zinazokufa hazizalishi virusi kabisa. Kirusi huanza kuingia, kinakwama njiani, seli inagundua vipande vya DNA yake na kujiua kwa mlipuko unaoleta uvimbe. Uvimbe huo huita seli nyingine zije, nazo zinakutwa na yaleyale.

ARV nyingi huzuia seli mpya zisiambukizwe, lakini haziizuii seli iliyokwisha kuambukizwa kutengeneza Nef. Ni dawa zinazofanya kazi, na hesabu ya CD4 inapopanda ni habari njema kweli. Ila kipimo hicho huhesabu seli zilizomo kwenye damu. Hakipimi zinavyofanya kazi. Kwa hiyo ukitaka kueleza VVU vinafanya nini, sema vinaziua seli za CD4 na kuzivuruga zile zinazobaki. Sentensi hairefuki sana.