Kifungu cha tatu ya tano katika katiba ya Marekani

Wanafunzi wengi huambiwa kwamba katiba ya Marekani ya 1787 ilimhesabu mtu mweusi kuwa tatu ya tano ya binadamu. Maelezo hayo yanaficha jambo kubwa zaidi. Weusi waliokuwa huru walihesabiwa kikamilifu. Tatu ya tano iliwahusu watumwa, na waliotaka wahesabiwe wote, bila kupunguzwa hata mmoja, walikuwa mabwana zao.

Viti vya kila jimbo katika Baraza la Wawakilishi, mojawapo ya mabaraza mawili ya bunge la Marekani, viligawanywa kwa kufuata idadi ya watu. Kwa hiyo, katika mkutano wa Philadelphia ulioandika katiba hiyo, baadhi ya wajumbe wa kusini walidai mtumwa ahesabiwe kama mtu yeyote, ingawa hakuwa na kura wala haki ya kumiliki hata jasho lake. Wajumbe wengi wa kaskazini walikataa. Mwishowe walikubaliana kwamba watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu, kwa viti na kwa kodi zinazotozwa majimbo moja kwa moja. Mwanafunzi akikisoma kifungu chenyewe peke yake anaweza kupitwa na haya yote, maana watumwa wametajwa humo kama "watu wengine wote" tu.

Ningemshauri mwalimu aandike ubaoni sensa ya 1790. Pennsylvania ilikuwa na watu huru wapatao 430,000, na Virginia wapatao 455,000. Wanakaribiana. Lakini Virginia ilikuwa pia na watumwa zaidi ya 292,000, na viti vilipogawanywa ilipata 19, Pennsylvania 13. Hapo darasa litaona lenyewe kwamba mtu aliyefungwa minyororo alimwongezea nguvu bungeni yule aliyemfunga. Na kwa kuwa kura za jimbo katika kumchagua rais zilitegemea viti hivyo, nguvu hiyo ilifika hadi ikulu.

Utumwa ulifutwa kwa Marekebisho ya 13 ya katiba mwaka 1865, na Marekebisho ya 14 ya 1868 yakaondoa hesabu ya tatu ya tano. Waliokuwa watumwa sasa walihesabiwa wote, viti vya kusini vikaongezeka. Baadaye majimbo hayo yaliwanyima kura kwa kodi ya kupigia kura, mitihani ya kusoma na vitisho. Marekebisho ya 14 yaliagiza jimbo linalofanya hivyo lipunguziwe viti. Agizo hilo halijawahi kutekelezwa.