Upele kwenye makao ya wazee, mbona hauishi?

Mimi ni nesi, kazi yangu ni kudhibiti maambukizi, na huku Tabora kila nikiingia makao ya wazee wahudumu wananiuliza swali lile lile, sista mbona tumepaka dawa na upele umerudi? Mara nyingi haujarudi, ulikuwepo muda wote kwa wale ambao hawakupakwa.

Iko hivi. Upele ninaousema ni ule wa vidudu vya ngozini (scabies), na mtu akiupata kwa mara ya kwanza, muwasho unaweza kuchukua wiki 4 mpaka 6 ndo uanze, na muda wote huo anaambukiza wenzake. Kwa hiyo ukiona wazee watatu wanajikuna ujue humo bwenini kuna wengine wanao na hawajijui, na mhudumu anayewanyanyua na kuwaogesha anao pia, jioni anawapelekea wanawe. Sasa dawa ikija wanapakwa wanaojikuna tu kwa sababu chupa zenyewe chache, na hapo bora hela ungenunulia sabuni. Wote mtibiwe siku moja, wazee, wahudumu na watu wa nyumbani kwao, halafu mrudie dawa kama mlivyoelekezwa. Paka mpaka chini ya kucha na katikati ya vidole, wazee hata kichwani, na akinawa mikono mpake tena.

Wa kumwangalia sana ni yule mwenye magamba mazito mwilini halafu wala hajikuni. Watu wanasema fangasi, au uzee tu. Upele wa kawaida una vidudu kama 10 mpaka 15 mwili mzima, huyu anaweza kuwa na maelfu hadi mamilioni, ukikung'uta shuka lake umegawia bweni zima. Dawa ya kupaka peke yake haimtoshi, daktari atampangia na vidonge vya ivamektini, na inabidi alale peke yake kwa muda. Hapo ndo pagumu, maana kuna wazee walishatengwa kijijini kwa maneno ya uchawi kabla hawajaletwa, leo unamhamishia chumba cha pembeni unadhani anaelewa nini? Kaeni naye, mumweleze kwa Kinyamwezi kama Kiswahili hakipandi, na mtu aende kupiga naye stori kila siku, avae gauni la kujikinga na glavu basi.

Glavu zenyewe nazo, ukizunguka na pea moja vitanda vyote unasambaza tu. Na sanitaiza haiui vidudu vya upele, msiitegemee. Blanketi ambazo hamna maji ya kufulia, fungeni kwenye mfuko mzito wa taka, nje ya mwili vidudu hufa ndani ya siku 2 au 3 hivi, ila za yule wa magamba ziache wiki nzima.

Baada ya tiba muwasho unaweza kuendelea wiki 2 mpaka 4, msikimbilie kupaka upya. Vikizidi kutoka vipele vipya, tafuteni nani alirukwa, mimi naanzaga na mpishi na mlinzi wa getini.