Kidonge cha Watao cha kuishi miaka 200: ukweli ni upi?

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: eti wazee wa Utao, dini na falsafa ya kale ya China, walichemsha madini ya risasi na zebaki, wakapata "kidonge cha dhahabu", wakaishi miaka 200. Chini yake hufuata maelekezo ya kukitengeneza.

Una chembe ya ukweli, ndiyo maana unaaminika. Vidonge vilikuwepo. Vilitengenezwa kwa sinabari, madini mekundu yenye zebaki, na wafalme kadhaa wa nasaba ya Tang (618–907) wanaaminika kufa kwa sumu yake. Waliotafuta umilele ndio walioondoka mapema.

Baadaye, hasa enzi ya Song (960–1279), ikashamiri alkemia ya ndani, yaani ufundi wa kugeuza madini uliohamishiwa mwilini kwa mfano tu. Hii haina chungu wala makaa. Mtu huketi kimya, hutuliza pumzi, huelekeza fikra chini ya kitovu; "tanuri" lipo hapo. "Risasi" na "zebaki" ni mafumbo ya nguvu za mwilini. Wasomi wake walirithi msamiati wa watengeneza vidonge bila vidonge vyenyewe, na msomaji wa haraka hupotelea hapo.

Ukitaka kuhakiki, tafuta tafsiri kamili ya kitabu kinachodaiwa kunukuliwa, usome sentensi za kabla na baada: tanuri liko jikoni au tumboni? Ujumbe usiotaja kitabu wala enzi ukomee kwako, usiusambaze. Na aliyekwisha kununua unga mwekundu asiumeze. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu.