Kadi ya Mbunge na Daftari la Shangazi

Mwezi uliopita nilikwenda Busia kumsalimu shangazi yangu anayeuza dagaa sokoni. Tulikuwa tunakunywa chai ya jioni, redio ikisoma habari za Bunge, likatajwa suala la matibabu ya wabunge. Shangazi akashusha kikombe.

"Mwanangu, wewe si ndiye mtu wa bima? Hiyo kadi ya wabunge inauzwa wapi? Sisi wa sokoni tukaulize bei."

Nimefanya kazi ya bima ya afya Kampala miaka kumi na mitano, mingi kati ya hiyo kwenye dawati la madai, pale ambapo bili ya hospitali inaingia na sisi ndio tunaoamua ilipwe au irudishwe. Nimesikia mijadala mingi kuhusu bima ya taifa, kwenye kumbi zenye viyoyozi na vitabu vya ripoti. Sijasikia swali lililogonga penyewe kama hilo. Nilimjibu shangazi kwa kifupi usiku ule. Hapa nataka kulijibu kwa kirefu.

Shangazi, ile kadi haiuzwi. Mbunge hakwenda dukani kuinunua. Kifungu cha 85 cha Katiba ya Uganda kinasema mbunge atalipwa mshahara na kupewa huduma kama Bunge lenyewe litakavyoamua, na Tume ya Bunge ndiyo inayoshughulikia maslahi hayo, bima ya matibabu ikiwemo. Kwa hiyo fedha zinatoka kwenye bajeti ya serikali, na bajeti hiyo inajazwa na kodi, pamoja na ile asilimia 18 ya VAT iliyo ndani ya bei ya sabuni unayofulia. Kadi ile umeshaichangia. Ila jina lako halimo.

Lakini fedha si siri yote ya kadi ile. Uzito wake uko kwenye kundi. Mbunge akishaapishwa anaingia kwenye bima pamoja na wenzake wote: kijana wa miaka ishirini na minane aliyetoka kampeni bila hata mafua, na mzee mwenye kisukari na presha. Wanaingia wote, hakuna anayechagua siku yake. Kampuni ya bima inapewa orodha, inapiga hesabu ya wastani, na wale wazima wengi wanawabeba wagonjwa wachache bila hata kujua kwamba wanawabeba.

Sasa chukua shangazi mwenyewe, miaka sitini na moja, aje peke yake kwenye kaunta yetu. Atapewa fomu ndefu. Umewahi kulazwa? Una presha? Umefanyiwa upasuaji? Kila "ndiyo" inapandisha bei au inafunga mlango fulani. Halafu ataambiwa kuna magonjwa ambayo hayatalipiwa mpaka muda fulani upite. Watu huona huo ni ukatili, na mara nyingine ni ukatili kweli, lakini chanzo chake ni hiki: mtu anapokuja peke yake kununua bima ya afya, sisi tulio ndani hujiuliza swali moja tu, kwa nini leo? Uzoefu umetufundisha kwamba wa kwanza kuja ni yule ambaye tayari anaumwa. Wakijaa hao kwenye mfuko wa bima, mchango unapanda. Ukipanda, wazima wanatoka. Wakitoka, unapanda tena. Nimeshuhudia mpango mmoja ukifa hivyo ndani ya miaka mitatu, na waliobaki mwisho ndio waliokuwa na uhitaji mkubwa kuliko wote.

Shangazi ana daftari badala ya kadi. Ukienda kituo cha afya cha serikali hapa kwetu, unanunua daftari la shule, lile la kurasa arobaini na nane lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ndilo linakuwa faili lako. La shangazi limefunikwa kwa gazeti. Ukurasa wa katikati kuna habari za mumewe, mwaka juzi, ngiri iliyokaba usiku. Ada za matibabu katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, isipokuwa katika wadi za kulipia, na kufutwa huko kulisaidia maskini wengi kufika kwa daktari. Sitaki mtu adharau jambo hilo. Ila usiku ule daktari alikuwepo, meza ya upasuaji ilikuwepo, vifaa havikuwepo. Muuguzi aliandika kwenye daftari: glavu jozi nne, nyuzi, dripu tatu, kanyula, dawa ya ganzi, antibayotiki ya sindano. Shangazi akatoka na daftari saa tano usiku kutafuta duka la dawa lililo wazi. Chini ya orodha ameandika kwa mkono wake bei ya kila kitu, na chini kabisa majina ya waliomkopesha. Majina saba. Mawili tu ndiyo yamekatwa kwa mstari.

Mtu wa bima akiusoma ukurasa ule anaona kitu ambacho kilipaswa kulipiwa kabla. Jumla yake haikuwa fedha ya kutisha. Kilichomvunja shangazi ni kulipa yote usiku mmoja.

Tumezungumzia bima ya taifa kwa zaidi ya miaka ishirini. Mswada wa mwaka 2019 ulipendekeza mfanyakazi wa mshahara akatwe asilimia 4, mwajiri aongeze asilimia 1, na mtu wa kujiajiri kama shangazi atoe shilingi 100,000 kwa mwaka. Tarehe 31 Machi 2021 Bunge likaupitisha. Nalisema hili kwa sababu kila mjadala unapoanza, watu wanasema wabunge walikataa. Hawakukataa. Waliupitisha, lakini haukupata saini ya Rais, Bunge la 10 likamaliza muda wake Mei mwaka huohuo, na hadi mwaka huo unakwisha hatukuwa na sheria. Majirani zetu Kenya walianza na NHIF, mfuko wao wa taifa wa bima ya hospitali, mwaka 1966. Tanzania ilitunga sheria ya mfuko wake mwaka 1999.

Upinzani ulitoka wapi? Kwa waajiri, ambao tayari wanapeleka asilimia 10 NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, kwa kila mfanyakazi. Kwa wafanyakazi, ambao wanakatwa asilimia 5 ya NSSF na kodi ya mshahara juu yake. Na sisi wa kampuni za bima tulikuwa na hofu yetu, sitaificha. Mfanyakazi wa benki au wa kampuni ya simu ana kadi nzuri anayolipiwa kazini. Ukimwambia akatwe asilimia 4 zaidi kwa ajili ya mfuko ambao haoni atautumia lini, atakasirika, na kwa hesabu za nyumbani kwake hasira hiyo ina msingi.

Hapo ndipo kadi ya mbunge inapoingia. Mbunge, mtu wa benki na mtu wa kampuni kubwa, kila mmoja yuko kwenye kapu lake la michango. Makapu hayo yana watu wenye kipato, wengi bado vijana. Ukishayaondoa yote, kapu linalobaki la kuitwa la taifa ni la shangazi, la bodaboda, la mkulima wa muhogo, la mzee asiye na mtoto wa kumtumia fedha. Kapu la namna hiyo haliwezi kujibeba lenyewe, hata liendeshwe na malaika.

Watu wengi wanadhani dawa ni kuwalazimisha wabunge wabebe kadi ya umma. Nami niliamini hivyo, mpaka niliposoma yaliyotokea Marekani. Sheria yao kubwa ya bima ya mwaka 2010 ina kipengele, kilichotokana na hoja ya Seneta Charles Grassley, kinachosema wabunge na wafanyakazi wa ofisi zao watapata bima kupitia masoko yaleyale ya bima yaliyoundwa na sheria hiyo. Inapendeza masikioni. Ila mwaka 2013 ofisi inayosimamia watumishi wa serikali kuu iliamua kwamba serikali itaendelea kuwalipia sehemu ya mchango kama mwajiri, na kwamba watapitia soko la waajiri wadogo la jiji la Washington. Kwa hiyo kuanzia 2014 walihama kweli kutoka mpango wao wa zamani. Lakini hawakuingia katika kapu la yule mama anayejinunulia bima mwenyewe. Waliingia la watu wanaolipiwa na waajiri. Jina la sheria ni moja, makapu mawili.

Kenya nako, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Busia, mbunge anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa mfuko mpya wa bima ya afya, SHIF, kama mfanyakazi mwingine yeyote. Hilo ni jambo la haki. Lakini juu yake ana bima nyingine ya Bunge yenye kikomo kikubwa, na hiyo ndiyo atakayoitoa mfukoni akifika hospitali. Mfuko wa umma ukichelewa kulipa hospitali, na wagonjwa wakirudishwa getini, yeye hatakuwepo kwenye foleni hiyo. Atasoma gazetini. Na wachuuzi wa upande ule wanatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Wauza samaki ninaowafahamu wamejiandikisha karibu wote, wanaolipa ni wachache. Mtu anayepata fedha kwa siku ukimdai kwa mwaka, humkuti.

Mfano unaonigusa zaidi ni Rwanda. Kule bima ya jamii, mutuelle, ni lazima kwa asiye na bima nyingine, na maskini wa mwisho wanalipiwa. Mengi yameandikwa kuhusu hilo. Lisilosemwa sana ni kwamba bima za watumishi na za kampuni binafsi zinatakiwa kisheria kukatia mfuko wa jamii sehemu ya makusanyo yao. Mtumishi wa Kigali anabaki na kadi yake nzuri, hakuna aliyemnyang'anya, lakini kila akilipiwa, kiasi fulani kinateremka kwa mkulima wa kilimani. Makapu yametofautiana, na kuna mfereji kati yao.

Nikipewa nafasi ya kuandika kipengele kimoja katika mswada ujao, kitakuwa hicho. Fedha ambazo Tume ya Bunge inatenga kwa matibabu ya wabunge, sehemu ya kwanza ipite katika mfuko wa taifa, kwa huduma zilezile za msingi atakazopata shangazi, katika mfuko uleule. Anayetaka nyongeza, kampuni yangu na nyingine zitamuuzia, na kila nyongeza ikatwe sehemu iende mfuko wa wote. Iwe hivyo kwa benki, kwa mashirika, na kwetu sisi wenyewe wa bima. Wenzangu kazini watanijia juu kwa hili. Nimepiga hesabu ya kampuni yetu mara tatu. Faida inapungua, kampuni haifi.

Na ukusanyaji ufuate makundi, usimfuate mtu mmoja mmoja. Hilo si jipya Uganda. Hospitali ya Kisiizi kule Rukungiri ilianza mpango wake mwaka 1996, na haikubuni vyama vipya. Ilitumia engozi, vile vikundi vya kubeba wagonjwa kwa machela kushuka milima, ambavyo watu wa Kigezi walikuwa navyo tangu zamani. Kikundi kilichokwisha kuzoea kubebana mabegani kiliweza kubebana kwa fedha. Kinaingia na familia zake, si yule tu aliyeamka na homa.

Shilingi 100,000 kwa mwaka ni kama 274 kwa siku, haifiki bei ya chapati. Shangazi anaweza kuitoa kwa siku. Kwa mkupuo mwezi Januari, ada za shule zikiwa mlangoni, hawezi.

Usiku ule, baada ya haya yote, alinyanyuka akaleta daftari jingine, la kikundi chao. Wanawake ishirini na mmoja, shilingi elfu mbili kila Jumamosi, kisanduku cha matibabu. Walikianzisha baada ya yale ya mumewe. Akaniomba niangalie kwa nini kila mara kinakauka. Niliangalia: waliojiunga mwanzo walikuwa watano, na wanne kati yao walikuwa wameshachukua fedha kabla ya mwezi wa pili. Wengine waliingia mmoja mmoja, kila mmoja na shida yake mkononi.

Tuliandika kanuni mpya pale pale, kwa kalamu yake ya kuandikia madeni. Haingii mtu peke yake. Unaingia mstari mzima wa vibanda, mwenye kikohozi na asiye nacho, na mtu asiyeumwa mwaka mzima harudishiwi chake.

Jana alinipigia simu. Mstari wa wauza nyanya umeomba kuingia, ila wanataka kutanguliza wawili kwanza, halafu wengine waone. Amewaambia warudi wakiwa wote kumi na wanane.